Haki ya Mla Mwani

Mtu anayefuga samaki katika tangi la kioo lililopandwa mimea hai ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, hukutana mapema na mwani: utando wa kijani, wa kahawia au mweusi unaoota juu ya kioo, mawe na majani, ambao si ule mwani wa bahari unaolimwa Unguja na Pemba bali ni jamii za viumbe vidogo vinavyoishi kwa mwanga na virutubishi vilivyoyeyuka majini. Desturi iliyoenea miongoni mwa wafugaji ni kuupunguza kwa kuweka tangini mnyama anayeula, awe samaki, uduvi au konokono, na maswali yanayoulizwa kuhusu uchaguzi huo kwa kawaida ni ya kiufundi tu: nani anakula mwani upi, kwa kasi gani, na bila kuharibu mimea. Chini ya maswali hayo liko swali la maadili lililo kongwe kuliko ufugaji wa samaki wenyewe, nalo ni kama kiumbe hai kinaweza kwa haki kutwaliwa kwa ajili ya kazi moja ya mwili wake, na kama kinaweza, ni nini anachodaiwa yule aliyekitwaa.

Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa cha karne ya 4 kabla ya Kristo, aligawa vyombo katika mafungu mawili, vyombo visivyo na uhai na vyombo vyenye uhai, akamweka mtumwa katika fungu la pili, na akataja kwamba kwa maskini ng'ombe hushika nafasi ya mtumwa. Kwa upande wa binadamu mgawo huo umekwisha kukataliwa. Kwa upande wa wanyama, hata hivyo, fikra ya chombo chenye uhai ingali na nguvu, na biashara ya samaki wa mapambo huidhihirisha inapowaita walaji wa mwani kikosi cha usafi. Jina hilo humweleza mnyama kwa kile anachomfanyia mwenye tangi, na kumwacha mnyama mwenyewe nje ya maelezo.

Kabla ya kuuliza kama ni haki kumpa mnyama kazi hiyo, inafaa kuuliza kama kazi yenyewe ni ya kweli. Mwani hustawi pale ambapo mwanga ni mwingi kuliko mimea inavyoweza kuutumia, ambapo taa huwashwa saa kumi au zaidi kwa siku, ambapo kaboni dayoksaidi, hewa ambayo mimea huihitaji katika usanisinuru, hupanda na kushuka ovyo, na ambapo chakula cha samaki kilichozidi huoza na kutoa amonia. Mnyama anayeukwangua mwani huo haondoi chochote majini, kwa kuwa alichokula hugeuka sehemu mwili wake na sehemu kinyesi, kinyesi hutoa amonia, bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, na naitreti ni mbolea ya mwani kama ilivyo mbolea ya mimea. Kinachotoa virutubishi hivyo tangini kwa hakika ni mkono wa mfugaji unaopogoa mimea iliyokua na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi anayokabidhiwa mnyama ni kazi ambayo mwenye tangi ameiacha, na mfugaji ambaye hajajaribu kwanza kupunguza mwanga hadi saa sita au nane na kuongeza mimea inayokua haraka hana hoja ya kutosha ya kununua kiumbe kije kulipa deni la taa yake.

Hata pale ambapo msaada wa mnyama unahitajika kweli, hakuna mnyama anayekula mwani kwa maana ya jumla, kwa sababu kila kinywa kimeumbiwa chakula chake. Kambare wadogo wa jenasi ya Otocinclus hupendelea utando laini wa kahawia wa diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika, ambao huonekana sana katika matangi mapya. Samaki wembamba wa jenasi ya Crossocheilus kutoka kusini mashariki mwa Asia ni miongoni mwa wachache wanaoula ule mwani mweusi unaofanana na ndevu, ambao kitaalamu ni wa kundi la mwani mwekundu. Konokono wa jamii ya nerite hukwangua vidoa vigumu vya kijani vilivyogandamana na kioo, na uduvi hunyofoa nyuzinyuzi. Ute wa rangi ya buluu na kijani unaoitwa mwani kwa mazoea, ambao kwa kweli ni bakteria, hakuna kati yao anayeutegemea kwa chakula, na maji yaliyogeuka kijani yote kwa mwani unaoelea hayakwanguliki kwa kinywa chochote kati ya hivi. Kumnunua mnyama bila kujua ni mwani upi uliomo tangini ni kumpa kazi asiyoiweza na kumnyima chakula kwa tendo hilohilo moja.

Maziwa makuu ya Afrika yanaonyesha maana ya kula mwani kwa mnyama aliye kwao. Katika Ziwa Nyasa, samaki ambao wavuvi huwaita mbuna hukwangua utando wa miamba ya pwani, na katika Ziwa Tanganyika samaki wa jenasi ya Tropheus hufanya vivyo hivyo kutwa nzima, wakiwa na utumbo mrefu mara kadhaa kuliko mwili, uliojikunja ili kumeng'enya chakula kigumu chenye lishe haba. Mwamba wao hauishiwi mwani, kwa sababu jua la kila siku huuotesha upya. Tropheus hawafai kwa tangi la mimea, kwani maji yao ni magumu na yenye ualikali mwingi, nao hushambuliana vikali. Lakini kwao mwani ndio riziki, na usafi wa mwamba ni tokeo tu la mlo wao.

Dini zilizoenea Afrika Mashariki zimelijadili suala la mnyama wa kazi kwa uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 25:4, inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka, maana yake mnyama anayefanya kazi juu ya chakula ana haki ya kukila chakula hicho. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe, na anaichukua amri hiyo kuwa hoja ya haki ya wahubiri kupata riziki yao. Usomaji huo umewafanya Wakristo wengi waichukulie amri kama mfano tu, ingawa hoja ya Paulo haina nguvu yoyote isipokuwa haki ya ng'ombe iwe ya kweli kwanza. Marabi wa Kiyahudi, katika Talmudi ya Yerusalemu, walikwenda mbele zaidi walipofundisha kwamba mtu haruhusiwi kujipatia mnyama au ndege kabla hajamwandalia chakula. Katika Uislamu, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini, na kosa linalosimuliwa humo lina pande mbili: kumzuia kiumbe asijitafutie, na kutotimiza badala yake kile alichozuiwa. Tangi la kioo ni kizuizi cha namna hiyo hiyo, hata likipandwa mimea mizuri kiasi gani.

Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu yaliyoenea katika pwani ya Waswahili, imeyageuza mafundisho hayo kuwa sheria za kila siku. Mwenye mnyama aliyekataa kumlisha hulazimishwa kumlisha au kumuuza, au kumchinja ikiwa ni wa kuliwa. Sheria hiyo haikomei kwa ngamia na mbuzi, kwani vitabu vya madhehebu hayo vinamtaja hata mdudu: mwenye nyuki anatakiwa awaachie sehemu ya asali mzingani pale wanapoihitaji, na mwenye viwavi vya hariri anatakiwa avipatie majani ya mforsadi. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki Cairo mwaka 1262, alipozihesabu haki za mnyama juu ya binadamu alianza na matumizi yake, akasisitiza kwamba mnyama agharamiwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Akaongeza kwamba asitwishwe asiloliweza, asiwekwe pamoja na anayeweza kumdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine, apewe mahali pazuri pa kupumzikia, na madume na majike wakutanishwe wakati wa kupandana. Ni vigumu kupata orodha inayofaa zaidi kuwekwa mbele ya mtu anayechagua samaki dukani.

Sharti la kwanza katika orodha hiyo, la kumgharamia mnyama asiye na faida tena, ndilo linaloonekana kuwa kiini cha suala lote. Ng'ombe wa kulima akimaliza shamba hubaki na majani ya kula, lakini mla mwani akimaliza kazi yake amemaliza pia chakula chake, kwa kuwa kazi na riziki kwake ni kitu kimoja. Kadiri anavyofaulu ndivyo anavyokaribia njaa, na siku ambayo mwenye tangi anafurahia kioo kilichotakata ndiyo siku ambayo wajibu wake kwa mnyama huyo unakuwa mzito kuliko wakati wowote mwingine. Swali la kwanza la mnunuzi, basi, linapaswa kuwa: atakula nini akishaula mwani wote?

Mfano wa Otocinclus unalionyesha hili kwa karibu. Ni samaki mwenye urefu wa sentimita tatu hadi tano, mwenye mstari mweusi ubavuni na kinywa kilichokaa chini ya kichwa kama kikombe cha kunyonyea, ambacho hukibandika juu ya jani na kulipitia sentimita kwa sentimita bila kulitoboa. Ukimtazama kutoka upande wa pili wa kioo, tumbo lake ndilo linaloeleza hali yake: likiwa limejaa huwa la mviringo na jeupe, na akiwa na njaa hubonyea kati ya mapezi mpaka mwili ukaonekana kama umekatwa upande wa chini. Wengi wa wanaouzwa huvuliwa mitoni Amerika ya Kusini, hupita siku nyingi katika mifuko na matangi ya wafanyabiashara yasiyo na mwani wowote, na hufika dukani wakiwa tayari wamebonyea, ndiyo maana wengi hufa katika majuma ya kwanza baada ya kununuliwa. Anayewachagua kwa haki huwangojea dukani kwa muda mpaka waonekane wakila, huwaweka katika tangi lililokwisha kukaa miezi kadhaa na kujenga utando wa viumbe vidogo juu ya majani na mawe, huwaweka kwa kundi la sita au zaidi kwa kuwa ni samaki wa kukaa pamoja, na huwapa tango lililochovywa katika maji ya moto au vidonge vya mwani vinavyozama, hata kama hawavigusi siku za mwanzo. Jambo jingine dogo, ambalo wafugaji wengi wangeona ni uvivu, lina msingi katika ile sheria ya asali ya nyuki: kioo cha nyuma cha tangi kiachwe bila kusuguliwa, ili mwani uote pale uwe akiba yao.

Sharti la kukutanisha madume na majike linaibua ugumu wa namna nyingine kwa uduvi na konokono. Mpiga picha wa Kijapani Takashi Amano, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 2015, ndiye aliyeueneza uduvi unaoitwa leo kwa jina lake, Caridina multidentata, katika matangi ya mimea, baada ya kuona jinsi ulivyokula nyuzinyuzi za mwani kuliko uduvi wengine. Majike ya uduvi huyu hubeba mayai chini ya tumbo hata ndani ya tangi, lakini viluwiluwi wanaoanguliwa huhitaji maji ya chumvi ambako mto wa kwao ungewapeleka, na katika maji baridi hufa baada ya siku chache. Konokono wengi wa nerite wana maisha ya namna hiyo. Mmoja wao, Neritina natalensis, huishi katika mito ya pwani tangu Somalia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na akiwa tangini hutaga vidonge vyeupe vya mayai juu ya mawe na magogo, ambavyo havileti mtoto hata mmoja. Wauzaji huitaja hali hiyo kuwa sifa njema, kwa kuwa tangi halitajaa konokono. Kwa mizani ya Ibn Abd al-Salam, hiyo ni haki iliyokatwa, na kila mnyama anayekufa kwa uzee hufuatwa na mwingine aliyevuliwa mtoni. Uduvi mdogo wa Neocaridina davidi, ambao huzaa watoto kamili katika maji baridi na kuendelea kizazi baada ya kizazi kati ya mimea hiyohiyo, hula mwani polepole zaidi, na kwa sababu hiyo hupewa daraja la chini na wanaopima kinywa peke yake. Kwa anayepima maisha yote ya mnyama, uduvi huyu ndiye anayestahili kutangulia.

Yupo atakayesema kwamba masharti yaliyowekwa kwa ngamia hayawezi kubebeshwa uduvi na konokono, ambao huenda hawahisi chochote. Kwa samaki hoja hiyo imedhoofika tangu mwaka 2003, watafiti nchini Uingereza walipoonyesha kwamba trauti ana neva zinazopokea vichocheo vya maumivu kichwani, na kwamba akidungwa sindano yenye kitu cha kuchoma midomoni huacha kula na hubadilisha mwenendo wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuhusu hisia za wanyama iliwataja pia kaa, kamba na jamaa zao wenye miguu kumi, kundi ambalo uduvi wamo, kufuatia mapitio ya kisayansi yaliyofanywa mwaka 2021; konokono hawakutajwa. Mafundisho ya kidini, hata hivyo, hayakungojea ushahidi huo, kwa sababu hayakuujenga wajibu juu ya maumivu peke yake. Qur'ani, katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, inawaeleza wanyama wa ardhini na ndege kuwa ni umma mfano wa wanadamu, na kiwavi wa hariri alipewa haki ya majani na watu ambao hawakuwa na namna yoyote ya kupima hisia zake. Upande wa pili wapo wanaoona kwamba tangi lolote ni dhuluma, na msimamo huo una heshima yake. Lakini hadithi ya mtoto Abu Umayr, ambaye Mtume Muhammad alimuuliza kwa upole habari za ndege wake mdogo bila kumkaripia kwa kumweka, ilichukuliwa na wanazuoni kuwa ruhusa ya kufuga kiumbe kidogo maadamu kinalishwa na hakiteswi.

Ruhusa hiyo hubeba muda mrefu kuliko mnunuzi anavyokadiria, kwa kuwa anayenunuliwa mara nyingi ni mtoto. Gyrinocheilus aymonieri, samaki wa bonde la Mekong, hula mwani kwa bidii akiwa mdogo, kisha akikua huupuuza, huwa mkali, na huwabandikia kinywa samaki wenzake wenye ubavu mpana akila ute wa ngozi zao, jambo linalovunja moja kwa moja lile sharti la kutowaweka pamoja wanaodhuriana. Kambare wa jenasi ya Pterygoplichthys huuzwa akiwa na urefu wa kidole na huweza kupita sentimita 40, akang'oa mimea kwa uzito wake tu, na huishi miaka mingi. Wanyama hawa wawili hawapaswi kuchaguliwa kwa tangi la mimea la nyumbani, na kambare mdogo wa Ancistrus, ambaye kwa kawaida hakui kupita sentimita 15 na huridhika na gogo la kukwangua pamoja na mboga, hufanya kazi ileile bila kumfikisha mwenyewe na mwenye tangi katika dhiki hiyo.

Dhiki hiyo ndiyo humfanya mtu abebe ndoo hadi mtoni, akiamini kwamba anamwachia mnyama uhuru. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, kambare wa Pterygoplichthys, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, waliongezeka mpaka wakazijaza nyavu za wavuvi wa perege, na katika Florida huchimba mashimo kwenye kingo za mifereji. Kenya nayo, mwaka 2020, ilithibitisha kuwepo kwa konokono wa Amerika ya Kusini, Pomacea canaliculata, katika mashamba ya mpunga ya skimu ya Mwea, ambako hula miche michanga. Jamaa zake wa jenasi hiyohiyo huuzwa kwa ajili ya matangi ya mapambo. Hatari huja pia kutoka upande wa pili, kwa kuwa konokono wa Biomphalaria na Bulinus waliomo katika maziwa na mabwawa ya Afrika Mashariki ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na anayewachota ili wamsafishie kioo huleta nyumbani maji yanayoweza kumwambukiza yeye na watoto wake. Fiqhi iliyotajwa juu inamwachia mwenye mnyama njia za kumlisha, kumuuza, na kumchinja aliwaye, na hakuna kati ya hizo inayohalalisha kumtupa mahali atakapofia au atakapoharibu riziki ya wengine. Mfugaji ambaye kambare wake amelizidi tangi anapaswa kumtafutia mtu mwenye tangi kubwa au bwawa lililofungwa, na mpaka atakapompata aendelee kumpa mboga na kumbadilishia maji, ingawa mnyama huyo amekwisha kuacha kula mwani muda mrefu.